Kisanduku cha Mwalimu na Nusu Gunia la Unga

Nianze na unga, maana nikianza na kompyuta mtafikiri nataka kujivuna.

Katika kambi ya wafanyakazi wa kampuni ya shaba tulikuwa tunakula poso. Poso ni chakula ambacho kampuni ilimpa mfanyakazi kila mwezi juu ya mshahara wake: gunia la unga wa mahindi, mafuta, maharagwe, samaki wa chumvi. Babu yangu aliletwa kutoka kaskazini mwa Katanga kujenga reli, akala poso. Baba akaingia kiwandani, akala poso. Mimi nilikua nikifikiri unga unatoka kwa kampuni kama maji yanavyotoka bombani. Halafu nchi ikaanza kuporomoka. Askari wakapora maduka ya mjini, Wazungu wakakimbilia Luano kupanda ndege, tanuru zikazimwa moja baada ya nyingine. Gunia likawa nusu gunia. Mwezi huu linakuja, mwezi ujao halionekani, na watu wanapanga foleni mbele ya duka la poso lililofungwa, wanaangalia kufuli.

Kompyuta ilitoka Golf, mtaa wa wakubwa wa kampuni. Injinia mmoja wa kampuni aliondoka na masanduku mawili tu, akaacha nyumba na vyote vilivyokuwamo. Mwalimu, mtu aliyefundisha umeme katika shule ya ufundi ya kambi yetu, ndiye aliyekuwa akimtengenezea redio. Akaambiwa achukue anachotaka. Wengine wangebeba friji. Yeye alichukua mashine mbili zilizokufa, akakaa nazo mwezi mzima na chuma chake cha kuchomelea, mpaka zote mbili zikafufuka. Moja akabaki nayo. Nyingine aliileta kwetu akaiweka juu ya meza, akaniambia ni yangu. Nilikuwa na miaka kumi na minane, msichana pekee katika darasa lake. Kaka zangu walicheka mpaka wakashika mbavu.

Msifikiri ni kompyuta ya siku hizi. Ilikuwa kibao cha kuandikia tu, kinene kama mkate, unakiunganisha na televisheni. Ukiiwasha inakungoja uandike kwa lugha inayoitwa BASIC. Na kumbukumbu yake, Mungu wangu, ilikuwa ndogo! Ukiuliza PRINT FRE(0), yaani niambie nafasi iliyobaki, inakujibu elfu tatu mia tano na kitu. Herufi elfu tatu na mia tano. Barua ya mpenzi mwenye maneno mengi inajaza yote.

Mimi nilikuwa nataka kuweka humo matokeo yote ya mpira ya jimbo letu, kila timu, kila mechi, magoli ya kufunga na ya kufungwa, mpaka mashine yenyewe ipange nani wa kwanza na nani wa mwisho. Kaka zangu walikuwa wanabishana kila Jumapili juu ya mambo haya, nami nilitaka kuwafunga mdomo mara moja. Ndiyo ilikuwa haja yangu kubwa duniani. Nilifika katikati ya msimu, mashine ikagoma, ikasema nafasi imekwisha. Nilipiga meza kwa ngumi. Nilikuwa mtu wa hasira, na bado ni mtu wa hasira.

Mwalimu alikuwa na dawa. Kwenye mashine yake alichomeka nyuma kisanduku cheusi, kipana kama kiganja, na ndani yake mlikuwa na kumbukumbu ya ziada, zaidi ya mara mbili ya ile ya mashine yenyewe. Siku ya kwanza aliponionyesha nilikimbilia kuandika PRINT FRE(0). Namba ikatoka ileile ya zamani. Nikamwambia, "Mwalimu, hii imekufa."

Akacheka. Alikuwa akicheka polepole, mabega tu yanacheza. Akanieleza kwamba BASIC inahesabu tu kumbukumbu iliyoungana na yake, inayofuatana bila pengo. Kisanduku hiki kilikuwa na swichi ndogo za kuchagua mahali pa kukaa, lakini zilivunjika, akazichomelea upande mmoja tu, basi kumbukumbu yake ilikaa mbali, ng'ambo ya pengo, kuanzia namba 40960. Ipo, inafanya kazi, lakini BASIC haiihesabu. Ukitaka kujua kama ipo, lazima uende mwenyewe mpaka mlangoni. Unaandika kwa amri ya POKE namba 85 mahali pale, halafu unasoma kwa PEEK. Ikikurudishia 85, usifurahi bado, pengine imebahatisha. Unaandika 170, unasoma tena. Ikirudisha 170, basi iko hai.

"Muntu anauliza mara mbili," alikuwa anasema. "Mara ya kwanza ni salamu tu."

Na magoli yanaingia humo vizuri, maana kila mahali panabeba namba moja ndogo, na hakuna timu inayofunga magoli zaidi ya mia mbili kwa siku. Toka siku ile nilikitamani kisanduku kile kama mwanamke mjamzito anavyotamani udongo.

Mwalimu alikuwa Mkasai. Nisemeje? Alizaliwa katika hospitali ileile ya kambi niliyozaliwa mimi. Baba yake aliletwa na treni kama babu yangu, akala poso ileile. Hakuwahi kuiona Kasai hata siku moja. Lakini mwaka ule redio na wakubwa walianza kusema kwamba watu wa Kasai wamekula kazi zetu, wamekula nyumba zetu, warudi kwao. Na sisi, wacha niseme ukweli, tulipiga makofi. Njaa ilikuwa inatutafuna, wakatuonyesha mtu wa kumtafuna. Nilikuwa kwenye mkutano ule kwenye uwanja wa mpira wa kambi. Niliimba. Sauti yangu ni nzuri, watu waligeuka kuniangalia.

Walianza kwa kufuta majina yao kwenye orodha ya poso. Baadaye vijana wakapita nyumba kwa nyumba na fimbo na chokaa, wakiweka alama milangoni. Watu wakatoka wamebeba magodoro kichwani, wakaenda kujaa kwenye gari moshi, yaani pale stesheni, kwenye mabehewa mabovu na chini ya maturubai, kungoja treni ya kuwapeleka Kasai. Treni inakuja ikitaka. Wengine walingoja juma, wengine miezi. Na majirani hawakungoja hata mlango ufungwe. Shangazi yangu aliingia nyumba ya mtu ambaye bado alikuwa anakula mezani, akapima dirisha lake kwa mikono ili ajue pazia litatosha kiasi gani. Yule mtu akaendelea kula, angefanya nini?

Familia ya Mwalimu ilitoka kati ya za mwisho: yeye, mke wake, na watoto watano. Hawakuwa na chakula. Stesheni hakuna aliyethubutu kuwauzia kitu, mama wa soko waliopeleka mihogo walipigwa na vijana na mihogo ikamwagwa. Basi Mwalimu akatuma neno kwa mama yangu: atatoa kisanduku chake cha kumbukumbu kwa mtoto, yaani mimi, naye ampe nusu gunia la unga la kuwafikisha.

Wiki ile poso ilikuwa imekuja, baada ya miezi miwili ya ukame. Gunia zima lilisimama jikoni kwetu. Mama alikubali. Aliniambia asubuhi kabla hajaenda shambani:

"Akikuya, upime kwanza ile kitu yake. Kama iko muzima, umupatie demi-sac. Kama imekufa, umupatie meka moya, aende. Hatuwezi kula tofali."

Demi-sac ni nusu gunia. Meka ni kopo la kupimia unga, familia kama yetu inalimaliza kwa chakula kimoja cha bukari, yaani ugali.

Aliyekuja hakuwa Mwalimu. Mwanaume wa Kasai hangeweza kupita kambini mchana na kufika na meno yake. Alikuja mke wake, na mtoto wao wa mwisho mgongoni, kasichana ka miaka miwili, kamefungwa kwa kikwembe na kanakohoa. Sijui alipitaje. Alivaa vizuri kama mtu anayekwenda misa, labda ndiyo sababu hawakumgusa.

"Mwanangu, Mwalimu ananituma," alisema. "Anakusalimia sana. Anasema chiffre ya kwanza, ile ya nafasi, haitabadilika, usiogope. Ufuate hii karatasi."

Karatasi ilikuwa na mwandiko wa Mwalimu, ule mwandiko wake wa ubaoni uliosimama wima. Mistari minne. Andika 85 katika 40960, soma. Andika 170, soma. Nilichomeka kisanduku, nikawasha. Mama yule hakuketi. Alisimama nyuma ya kiti changu ameshika karatasi, akaanza kunisomea kwa Kifaransa, tarakimu moja moja, polepole, kama mtu anayemsomea mgonjwa: "Quatre. Zéro. Neuf. Six. Zéro." Nne, sifuri, tisa, sita, sifuri.

Niliangalia jikoni. Gunia lilikuwa linaonekana kutoka pale nilipoketi. Nilifikiri: tukitoa nusu, tutabaki na nusu, na poso nyingine itakuja lini, nani anajua? Nikafikiri pia: wataenda tu. Wakiondoka, nani atarudi kuniuliza? Sikuwaza zaidi ya hapo. Watu huniambia mambo makubwa huanza na mawazo makubwa. Waongo. Mimi nilikuwa nafikiria bukari na mpira.

Nikaandika nne, tisa, tisa, sita, sifuri.

Nilijua 49960 ni mahali gani. Mwalimu mwenyewe alinifundisha. Ni ndani ya sehemu ambayo kiwanda kilichotengeneza mashine kilishaandika mambo yake tangu mwanzo, hakuna anayeweza kuandika juu. Unapiga POKE mpaka uchoke, haibadiliki. Nilipiga 85, nikasoma, ikatoka namba nyingine kabisa. Nikapiga 170, ikatoka namba ileile nyingine. Nikamwonyesha kidole kwenye kioo cha televisheni.

"Mama, ona weye mwenyewe. Imekufa."

Mtoto alikohoa, mama yake akamtikisa kidogo mgongoni.

"Rudilia, mwanangu," alisema. "Rudilia tu mara moya. Mwalimu alisema iko muzima."

Nikarudia. Nne, tisa, tisa, sita, sifuri. Vidole vyangu havikutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

"Imekufa, Mama. Pengine ilianguka njiani."

"Haikuanguka," alisema. "Niliibeba sawa yayi."

Aliangalia mikono yangu, akaangalia gunia, naye alikuwa ameliona vilevile. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Sasa nitaenda kumwambia nini? Batoto beko na njala."

Nikainuka nikampimia meka moja ya unga. Nilisawazisha kwa kiganja, isizidi. Akapokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama tunavyofanya, akasema aksanti. Kisanduku akakiacha. Alisema treni haitakula kisanduku. Nilimsindikiza mpaka kwenye ua, maana nilifundishwa adabu.

Alipopotea kwenye kona nilirudi mbio. Nikaandika 40960 sawasawa. 85 ikarudi 85. 170 ikarudi 170. Nikapanda mpaka mwisho wa kisanduku, kila mahali pakanijibu. Nilicheza peke yangu katikati ya chumba. Jioni ile ile nilianza kuingiza magoli, na Jumapili kaka zangu walipobishana niliwasha televisheni, nikawaonyesha. Walinyamaza. Mmoja akasema, "Eh, huyu ni muchawi." Nilivimba kichwa. Tulikula bukari na sombe ya majani ya muhogo, tukashiba.

Kwa mama nilisema kisanduku kilikuwa kimekufa, na kwamba nimekitengeneza mwenyewe baadaye, kwa kubana waya mmoja. Aliamini. Kwa nini asiamini? Mtoto wake alikuwa na akili.

Lakini habari za stesheni zilikuwa zinaingia kila siku. Surua, kuhara, watu wanazikwa bila sanduku. Baada ya wiki tatu hivi mama alirudi kutoka kanisani, hajavua hata kitambaa cha kichwa, akaingia jikoni akaanza kuchota unga.

"Yo! Ni haya gani hii?" alisema, akijigombeza mwenyewe zaidi ya mimi. "Mwalimu njo alikufundisha, na tunamurudisha bibi yake na meka moya sawa muombaji? Chukua, upeleke. Kitu yake ilikufa, lakini beye beko bazima."

Nusu gunia kamili. Tulilifunga kwenye baiskeli ya baba, chini ya majani ya viazi ili vijana wasione. Nilisukuma baiskeli ile mpaka mjini, na njia nzima nilikuwa najiambia kwamba sasa mambo yamesawazika, unga unafika, umechelewa tu kidogo.

Stesheni ilikuwa inanuka kabla hujaiona. Sitaeleza yote. Watu walikuwa wamelala mpaka kati ya reli, na sufuria, na cherehani, na viti vya sebuleni vyenye vitambaa vya kufuma, vimepangwa juu ya kokoto kama wanangoja wageni. Niliuliza Mwalimu wa umeme, wakanionyesha.

Alikuwa ameketi juu ya kitanda kilichofunguliwa vipande. Alikuwa amekonda, shati lake limefungwa vifungo vyote. Watoto wanne walikuwa karibu yake. Nilihesabu mara mbili. Mke wake alikuwa amelala ubavu juu ya mkeka, na kile kikwembe cha kubebea mtoto alikikunja akakiweka chini ya kichwa.

"Kale kadogo tulikazika juzi," alisema Mwalimu, kabla sijauliza. "Kalikuwa na homa, na hakakuwa na kitu tumboni cha kupigana nayo."

Nilishusha unga. Nilisema mama anawapa pole. Watoto waliuona mfuko wakasimama wote pamoja. Mwalimu aliupokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa. Halafu akanishika mkono.

"Mutoto wangu, unisamehe," alisema. "Nilikutumia kitu ya kufa. Haya inanishika kila siku. Nilikipima asubuhi ya kutoka kambini, kilikuwa kizima. Sijui."

"Hakikukufa," alisema mke wake kutoka kwenye mkeka. Hakuinua kichwa. "Aliandika neuf."

Mwalimu alitikisa kichwa kwa uchovu. "Unasikia? Toka siku ile ni neno yake moya. Eti nilimusomea zéro, akaandika neuf, mara mbili. Nilimukatalia. Nilimwambia, ule mutoto nilimufundisha miye mwenyewe, hawezi kukosa chiffre, na hawezi kudanganya. Tuligombana sana hapa, mbele ya bantu. Hata siku ya kuzika alisema." Akanivuta karibu, taratibu, kama alivyokuwa akiniita ubaoni. "Sasa uko hapa. Sema, asikie, roho yake itulie. Uliandika zéro ao uliandika neuf?"

Mama yule alinyanyuka akaketi. Aliniangalia. Hakuwa na hasira usoni, alikuwa anangoja tu. Alikuwa amepoteza mtoto na nyumba, na mume wake alimwona mwongo, na mimi nilikuwa na neno moja la kumrudishia kitu kimoja katika hivyo vyote. Nililijua. Lilikuwa mdomoni. Niliangalia watu waliokuwa wamesogea kusikiliza, nikaogopa, nikaona pia uso wa Mwalimu, ulivyokuwa unaniamini.

"Zéro, Mwalimu," nilisema. "Niliandika zéro."

Akavuta pumzi ndefu. Akamgeukia mke wake, bila ukali, hata kwa huruma.

"Unasikia sasa? Mutoto wa bantu analeta bunga mpaka hapa, na weye unamusingizia. Umuombe pardon."

Watoto walikuwa wameshaanza kufungua mfuko. Mama yule aliwaangalia wale wanne, akaangalia unga, akaweka mikono yake miwili pamoja juu ya magoti.

"Pardon, mwanangu," alisema.

Nami nikamjibu, "Haina neno, mama."